Ubeti wa Tatu

Hotelini, chumba cha mwisho
4 Machi

Dada,

Nimesoma gazeti la juzi. Meneja aliliweka mezani wakati wa chai, limekunjwa pale pale alipotaka nisome, kisha akajifanya anatafuta sukari. Wameandika kwamba mimi na bendi yangu tunapishana utadhani ndiyo kwanza tunakutana jukwaani. Wameandika kwamba sauti imeanza kunikimbia. Wameandika kwamba watu waliozoea kuvua viatu na kuviinua wakati wa wimbo wangu wa viatu walirudi navyo miguuni. Hayo nameza. Mwandishi naye lazima apate la kuandika.

Lakini chini kabisa uko wewe. "Dada mtu, aliyeimba naye katika kundi la Sindano Tatu, alipoulizwa alisema: Sauti yake haijabadilika hata kidogo. Ni ile ile tangu akiwa mtoto."

Meza nzima ikasema, jamani, dada yako anakupenda. Mimi mkate niliurudisha sahanini. Nakujua wewe. Mteja akijaribu gauni ukamwambia "limekukaa," ujue limembana. Ulimaanisha nini?

Tangu nitoke kundini nikikupigia simu unakata. Kumbe mdomo unao, ila ni wa magazeti. Haya, andika basi, kwa kuwa ndivyo unavyotaka. Na uandike haraka. Imebaki miji michache, kisha tunamalizia huko nyumbani, ukumbi mkubwa, na bwana mkubwa wa kampuni atakaa mstari wa mbele. Nikiyumba mbele yake, albamu haitoki na mkataba ndio umekwisha. Sina muda wa michezo yako.

Mdogo wako

*

Nyumbani
11 Machi

Kwa Binti Viatu,

Simu nakata kwa sababu wewe ukiongea ni kama unaimba, na ukiimba watu hukusamehe. Kwenye karatasi huwezi kuimba. Hapa tutaelewana.

Mwandishi alinikuta nakunja pindo za sare za shule, pini mdomoni. Aliuliza, nikatema pini, nikajibu. Nilichosema ni kweli tupu, na mbele ya yeyote nitakisema tena. Kama kimekuchoma, jiulize kwa nini kweli inakuchoma.

Na kwa kuwa wewe unasoma magazeti, mimi nasikiliza redio. Unakumbuka ile siku ulipohojiwa, wiki ile ile uliyotuacha? Mtangazaji akakuuliza, na wale wenzako wawili je? Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Ukasema, "Wale walikuwa waitikiaji tu." Mama alikuwa amesimamisha cherehani ili asikie vizuri. Binamu yetu Kicheko, wa tatu wetu kundini, ambaye tangu azaliwe hajakosa la kuchekea, alitoka nje kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Alikaa huko kambani mpaka redio ikazimwa.

Waitikiaji tu. Nimeshona neno hilo kwenye kila sare tangu siku ile.

Ukitaka kujua nilimaanisha nini, muulize mpiga kinanda wako. Siku hizi ndiye anayesimama karibu nawe.

Dada yako, mwitikiaji tu

*

Hotelini
17 Machi

Dada,

Nimemuuliza. Akakuna shingo, akasema, "Tatizo dogo tu, mama. Unapanda kidogo, unakiacha kinanda chini." Nikamwambia hapandi mtu hapa, kinanda chake ndicho kinachoshuka. Ameondoka na basi la asubuhi, na kofia yangu amekwenda nayo.

Aliyeletwa badala yake ni mwanamke mtu mzima, amefundisha muziki shuleni mpaka akastaafu. Wote tunamwita Mwalimu. Miwani imening'inia shingoni kwa kamba, biskuti zake anakula peke yake, wala hamkaribishi mtu. Tumefanya mazoezi ya wimbo wa viatu. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu akaacha kupiga, akaweka mikono mapajani. "Tuanze tena." Tukaanza tena. Akaacha pale pale. Sikumuuliza sababu, maana sura yake ilikuwa kama ya daktari niliyemwona jana kwa ajili ya sauti, ambaye alinimulika kooni na tochi, akanizungusha shingo, akasema koo ni zima kabisa.

Basi kama koo ni zima, kilichobaki ni wewe. Umekaa huko unanuna, unawapa waandishi maneno, bendi wanasoma, wanaingia jukwaani wakisubiri nikosee. Mtu akisubiriwa akosee atakosea tu. Hiyo ni husuda, Dada, na ina harufu. Naisikia mpaka huku.

Mimi nilikotoka nimetoka peke yangu. Ni mimi niliyetolewa kwenye kwaya ya shule kwa sababu ya viatu vilivyochanika. Ni mimi niliyesimama nje ya dirisha nikiwasikiliza wenzangu. Uchungu ule niliutungia wimbo, na leo watu wazima wanavua viatu na kuviinua juu wakiuimba. Wewe umetunga nini?

Mdogo wako

*

Nyumbani
25 Machi

Mdogo wangu,

Umetaja viatu. Ungetaja kitu kingine chochote ningekuacha.

Viatu vyako vilikuwa vipya. Mama alikununulia shule zilipofunguliwa, vyeusi, vya kufunga kwa kishikizo pembeni. Vilivyochanika vilikuwa vyangu, na mimi sikutolewa kwenye kwaya. Nilikuwa mstari wa nyuma, kidole gumba kinachungulia nje, naimba.

Wewe ulitolewa kwa sababu ulikuwa unapanda. Mlikuwa mnaanza pamoja, na kufika katikati ya wimbo wewe umeshafika darini, wenzako nusu umewavuta, nusu wamebaki, na kinanda cha shule kiko chini huko kinalia peke yake. Mwalimu wa kwaya alivumilia, akachoka. Alikwambia tu uende nje. Hakukwambia sababu, na hapo ndipo mama alipopata pa kuingiza uongo wake.

Ulirudi nyumbani ukanyamaza. Hukuimba, hukuongea, hata kugombana na mimi uliacha, na hilo ndilo lililomtisha mama. Akakwambia ni viatu, havifanani na vya wenzako; kuvichana umevichana mwenyewe baadaye, kwenye wimbo. Ukalia, ukala, ukalala. Kisha akatuita mimi na Kicheko nyuma ya pazia la kupimia nguo, chaki bado iko vidoleni, akasema: "Siku atakayoimba tena, akipanda, pandeni naye. Asiambiwe."

Tukapanda. Tulipanda chumbani, tukapanda kwenye harusi za watu, tukapanda kwenye kumbi. Unafikiri kwa nini Sindano Tatu hatukuwa na gitaa wala kinanda? Waliandika kwamba ni ubunifu, sauti tatu na ngoma basi. Ubunifu gani! Ngoma haina habari na juu wala chini, haiwezi kukuumbua. Kila aliyetuletea mpiga kinanda ni mimi niliyemkataa, na wewe ukaniita mshamba mbele za watu.

Nikueleze mpaka tulivyofanya, maana naona hutaamini. Ubeti wa kwanza uko sawa. Wa pili uko sawa. Wa tatu unaanza kunogewa, na ukinogewa bega lako la kushoto linainuka. Nikiliona bega, napanda nawe, hapo hapo, na kiwiko changu kinamgusa Kicheko, naye anapanda. Watu hawakusikia kosa. Walisikia wimbo unainuka nao kwenye viti, wakasema nywele zimewasimama. Wakakupa maua wewe.

Kinanda hakikuangalii bega. Sauti yako haijabadilika hata kidogo, ni ile ile tangu ukiwa mtoto. Sasa umejua nilimaanisha nini.

Dada yako

*

Hotelini
30 Machi

Muongo.

Muongo mkubwa wewe, umekalia kiti cha mama unashona uongo. Usiniandikie tena.

Mdogo wako, kwa bahati mbaya

*

Mji mwingine, hoteli nyingine
9 Aprili

Dada,

Hukuniandikia tena. Siku nyingine zote hunisikii, siku niliyokwambia usiandike ndiyo umetii.

Nilimpelekea Mwalimu rekodi yetu ya kwanza, ili anihakikishie kwamba wewe ni muongo. Alibonyeza noti ya kwanza kwenye kinanda, akaweka rekodi, noti na sauti zikakutana vizuri, nikaanza kutabasamu. Tukasikiliza mpaka mwisho. Akabonyeza ile ile. Hazikukutana, Dada. Akapapasa huku na huku akaipata tuliyoishia, iko juu huko, hatua nzima. Akaweka nyingine. Ile ile hadithi. Akaweka nyingine. Nikamwambia basi.

Akaniuliza, "Hawa wawili nyuma yako ni akina nani?" Nikataka kumtupia kikombe.

Sasa nisikilize vizuri. Nani aliwaomba mnifuate? Mngeniambia ningelia, ningevimba, ningewachukia, kisha ningejifunza. Nilikuwa mtoto, mtoto anafundishika. Mmeninyima hata hilo. Mmeniacha nimekuwa mtu mzima na kosa la mtoto, nikalipeleka jukwaani nikaliringia. Kila walipoinua viatu vyao, ninyi mlikuwa mnaangaliana nyuma ya kisogo changu kama watu wanaomlea mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa. Na hadithi ya viatu nimeisimulia kila mahali! Nimeisimulia kwenye shule, Dada, mbele ya watoto wenye viatu vilivyochanika kweli.

Usijidanganye kwamba ulinifuata kwa mapenzi. Mama labda. Wewe ulinifuata ili siku moja uwe na hili la kunipiga nalo, na umelitunza vizuri, halina hata kutu.

Lakini umechelewa. Mwalimu ananifundisha kila siku. Ananikalisha sakafuni, mgongo na mabega ukutani, naimba ubeti wa tatu yeye akishikilia noti moja tu. Nikianza kunogewa anagonga kinanda na pete yake. "Usiupende," ananiambia. "Utaupenda ukishamaliza." Unajua ilivyo kuimba wimbo wako mwenyewe huku umekatazwa kuupenda? Jana nimefika mwisho na kinanda kiko pale pale nilipokiacha. Nilishuka ngazi za hoteli peke yangu nikalia kwenye chumba cha kufulia, kwa furaha na kwa hasira, sijui kipi kilitangulia.

Sitafuatwa tena na mtu.

Mdogo wako

*

Nyumbani
18 Aprili

Mwanangu,

Naandika herufi kubwa, macho ndiyo hayo.

Barua zako nimezisoma zote. Dada yako huziacha chini ya mkasi akidhani sitafika huko. Mmetukanana vya kutosha, na mwandiko wenu wote wawili ni mbaya, sikuwapeleka shule kwa ajili hiyo.

Viatu nilidanganya. Ningedanganya tena leo. Wewe hukuiona nyumba hii ilivyokuwa uliponyamaza. Baba yenu alikuwa ameshaondoka duniani, aliyekuwa akitoa sauti humu ni wewe na cherehani, na cherehani haikwambii mama nimeshiba. Unataka nikuombe radhi? Subiri kidogo, nimalizie hii kola.

Dada yako usimwambie alikufuata kwa ubaya. Kuna mara moja aliumwa homa, sauti imekwisha, ninyi mna harusi ya kuimba. Nikamwambia alale, Kicheko atatosha. Akasema Kicheko haoni bega. Akaenda na blanketi ndani ya gari. Lakini pia usidhani hana kinyongo. Anacho, tena kizima kizima. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, mimi nimevizaa najua.

Sasa la maana. Watu wa kampuni yako wamekuja hapa, wamekaa kwenye viti vyangu na suruali zao nyeupe zimetoka na nyuzi. Wanataka Sindano Tatu wote waimbe wimbo wa viatu siku ya mwisho, wimbo mmoja tu. Kicheko amekubali kabla hawajamaliza kusema. Dada yako amekataa. Nimemwambia anakwenda. Nimeshaanza kukata vitambaa, rangi moja, na sitaki kusikia kwamba rangi hiyo haimpendezi mtu.

Mama yenu

*

Nyumbani
27 Aprili

Mdogo wangu,

Nakuja kwa sababu ya mama, usijipe kichwa.

Sikiliza masharti yangu. Sisimami nyuma yako kama kivuli, nasimama ubavuni kwako, kushoto, ninapoona. Hunikumbatii jukwaani. Ukinikumbatia nitakusukuma na watu watacheka. Huniiti "dada yangu kipenzi" kwenye kipaza sauti. Ukipenda usiniite kitu.

Na ile habari ya Mwalimu wako na sakafu na pete, nimeisoma. Vizuri. Wiki chache na mwanamke mwenye biskuti, na wewe umepona kitu ulichozaliwa nacho. Nitaamini nikisikia. Sisi tutafanya kama tulivyofanya siku zote. Bega likiinuka tutapanda, watu watainua viatu, wewe utapata mkataba wako na mimi nitarudi kwenye sare zangu. Huna haja ya kushukuru. Hujawahi.

Dada yako

*

Barabarani
2 Mei

Dada,

Soma hii mara mbili, na Kicheko asome.

Usinifuate. Sitapanda. Mpango wa wimbo ni huu, ameupanga bwana mkubwa mwenyewe: ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu ni sauti tatu na ngoma, kama zamani. Mara tu ubeti wa tatu ukiisha, kwenye kiitikio cha mwisho, kinanda kinaingia na bendi nzima nyuma yake. Amepanga hivyo makusudi. Anataka kusikia kama kinanda kikiingia kitanikuta pale nilipoanzia au kitanikuta darini. Kikinikuta, anasaini. Kisiponikuta, anaondoka. Meneja amenieleza hayo kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa habari za msiba.

Kwa hiyo kazi yako ni kusimama pale pale ulipoanzia. Ni hiyo tu. Kama ulivyo mgumu wa kila kitu, safari hii ugumu wako una faida. Ukipanda utaimba peke yako, nakwambia mapema. Nitakuacha huko juu mbele ya ukumbi mzima, watu wajue nani alikuwa anapanda siku zote. Sitanii.

Mabega yangu usiyaangalie. Mabega ni yangu.

Mdogo wako

*

Nyumbani
12 Mei

Wewe,

Nimeshindwa kushona. Nimeketi tangu asubuhi, sindano nimeitunga uzi mara tatu na mara tatu nimeuchomoa. Mama anapita anaguna. Ngoja nikwambie nilichonacho kisha nirudi kazini.

Juzi ukumbini nilikuangalia bega. Ulikataza, nikakuangalia. Tulipoingia ubeti wa tatu nilikuwa nimelikazia macho, na bega likakaa. Halikuinuka hata unywele. Niliona kwa macho yangu kwamba halikuinuka, na nikapanda hivyo hivyo. Mwili ulishapanda kabla macho hayajauambia. Kiwiko changu kikamgusa Kicheko, naye akapanda, maana yeye kazi yake ni kufuata kiwiko. Na wewe chini, umesimama pale pale ulipoanzia, safi kama uzi uliovutwa, na sisi wawili juu yako.

Sauti iliyotoka pale siwezi kuiandika. Mpiga ngoma aligeuka. Viatu vilivyokuwa juu vikaanza kushuka, kimoja kimoja, na mwanamke mmoja mstari wa pili akavaa chake kabisa.

Na mimi nikajua. Mbele ya watu wote wale nikajua kwamba ni mimi niliyekosea na wewe uko sawa, na sikuweza kushuka. Nilijaribu. Miaka yote nimejua njia ya kupanda tu, sikuwahi kujifunza ya kurudi. Nikangoja uniache huko juu kama ulivyoahidi. Nilistahili, na nilikuchukia kwa kuwa nilistahili.

Ulikuwa huna la kufanya! Ulitakiwa usimame tu. Sisi tungeanguka wenyewe, ubeti ungeisha, kinanda kingeingia kikukute, na yule bwana angetoa kalamu yake. Badala yake ukageuza kichwa ukaniangalia bega, kama mimi nilivyokuwa nakuangalia. Ukapanda. Ukapanda taratibu ukatukuta huko tuliko, mtu asingejua kwamba hatukukubaliana. Na Mwalimu alipoinua mikono aingie, ukamnyooshea kiganja asiingie, na bendi nzima ikakaa na vyombo mapajani mpaka mwisho, tukamaliza na ngoma peke yake.

Watu walisimama. Sawa, walisimama, viatu vilikuwa juu kote mpaka kwenye roshani, Kicheko alikuwa analia na kucheka kwa mdomo mmoja. Lakini mimi nilikuwa namwangalia yule bwana wa mstari wa mbele. Alimwinamia meneja wako sikioni, akachukua koti lake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Nani alikuomba unifuate?

Nijibu hilo. Nani alikuomba? Ulikaa sakafuni wiki zote hizo, ukajifunza, ukaweza. Nilisikia kwamba umeweza, mimi ndiye mtu pekee ukumbini mle aliyesikia kwa hakika, na ukaenda kukitupa ulichojifunza ili mimi nisiaibike. Nimerudi nyumbani nimebebwa kama mtoto. Majirani wananipongeza dirishani, na kila anayenipongeza ananikumbusha. Sasa najua ulivyojisikia siku ile ya rekodi, na sitakusamehe kwa kunifanya nijue.

Tangu tuzaliwe hujawahi kuniangalia ukiimba. Umeichagua siku gani ya kuanza!

Dada yako

*

Chumba cha kupanga, mtaa wa nyuma
15 Mei

Dada,

Hakuna aliyeniomba.

Kampuni wamenishukuru na kuniambia nijaribu bahati yangu kwingine. Meneja nikimpigia simu anakata, kwa hiyo sasa najua kelele hiyo inavyosikika upande huu, na nakuongezea kwenye hesabu yako. Mwalimu amerudi kwake. Aliponiaga alinipa biskuti moja, moja tu, akasema nilipanda bila kukosea hata mahali pamoja. Sijui kama ni sifa au ni tusi. Mngeelewana sana, wewe na yeye.

Bado nakuchukia kwa yale ya viatu. Nimeiandikia ile shule niliyowasimulia watoto, nimewaambia viatu vilikuwa vya dada yangu, na dada yangu aliendelea kuimba navyo. Wamesema hadithi hiyo ni nzuri kuliko ya kwanza. Nimekasirika siku nzima.

Na kuna jambo umekosea kwenye barua yako. Sikukuangalia bega. Nililitazama, ndiyo, lakini wewe bega lako halisemi kitu, umelikaza tu kama mtu anayebeba ndoo. Nilikusikiliza. Nilifumba macho nikakusikiliza mpaka nikajua ulipo, kisha nikaja.

Jumamosi nakuja kwenye chumba cha mama cha kushonea. Mwambie Kicheko, na mwambie yule mpiga ngoma kama hajatukimbia. Kinanda sileti. Ubeti wa tatu utauanza wewe, na usinibishie, upande ushuke upendavyo.

Mdogo wako, mwitikiaji tu